Nyota wachanga au nyota changa?

SWALI: Nimesoma makala mbili kuhusu Nebula ya Orion, lile wingu kubwa la gesi na vumbi angani. Moja imeandika "nyota wachanga wamelichonga wingu", nyingine "nyota changa zimelichonga wingu". Ipi ni sahihi? Na je, nikisema tu "nyota ndogo" nitakuwa nimekosea?

JIBU: Andika "nyota changa zimelichonga wingu". Nyota ya angani imo katika ngeli ya I-ZI, na -changa katika ngeli hiyo haichukui kiambishi: ndizi changa, nazi changa, nyota changa. Nyota wachanga ni wale wa viwanjani na majukwaani. Mshambuliaji wa miaka 18 aliyesajiliwa juzi ni nyota mchanga, kwa kuwa hapo anatajwa mtu.

Waandishi wengi huteleza kwa sababu wanaastronomia husema nyota huzaliwa, huishi na kufa, basi inaonekana kana kwamba ina uhai. Lakini kitenzi hakihamishi ngeli. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilizaliwa mwaka 1964; hakuna anayesema "alizaliwa". Kwenye ngano Jua anaweza kumjibu Mwezi, na ni sawa kabisa. Makala ya sayansi si ngano.

Kuhusu "ndogo", tafadhali iache, maana inapotosha jambo lenyewe. Uchanga ni umri, si ukubwa. Pale Orion, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300 kutoka kwetu, gesi baridi na vumbi vilivutana kwa uzito wake vyenyewe, vikajikusanya mabonge mabonge, na vitovu vya mabonge hayo vikapata joto hadi vikawa nyota. Iliyo kuu katikati ya kundi huitwa Theta1 Orionis C. Umri wake hauzidi miaka milioni chache, ilhali Jua letu lina miaka bilioni 4.6, lakini masi yake, yaani kiasi cha maada iliyo nayo, ni zaidi ya mara 30 ya masi ya Jua. Ukiiita ndogo, msomaji hataelewa kamwe imewezaje kuchonga kitu. Miali yake ya urujuanimno huzipokonya atomi za haidrojeni elektroni zake, na gesi hiyo ndiyo tunayoiona iking'aa. Upepo wa chembe unaotoka kwenye nyota nao huisukuma gesi pembeni, wingu likabaki na uwazi mkubwa. Penye gesi nzito uchongaji huenda polepole, zikasalia nguzo kama zile za Nebula ya Tai zilizopigwa picha na darubini ya Hubble mwaka 1995.

"Nyota mpya" pia iepuke. Wanaastronomia wana kitu kiitwacho nova, yaani "mpya" kwa Kilatini, nacho ni mlipuko kwenye nyota kongwe, kinyume kabisa cha unachotaka kusema.

Na ukipenda kutumia "nebula" badala ya "wingu", usisahau kubadili kiambishi cha mtendwa: nyota changa zimeichonga nebula.