Panya alipasuliwa bila ganzi, au alikuwa amepooza tu?

SWALI: Shikamoo dokta. Kuna mtu kaniambia wazungu waliwahi kumpasua panya tumbo bila nusu kaputi, wanamwekea tu umeme kwenye ubongo basi hasikii maumivu. Mi naona kama alipigwa shoti akapooza, maumivu anasikia ila hawezi kulia. Na kama ni kweli mbona ndama wetu tukiwakata pembe hatufanyi hivyo? Mfugaji, Njombe.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, ilikuwa 1969, mtafiti anaitwa David Reynolds, aliwapachika panya 8 waya mwembamba katikati ya ubongo, kwenye nyama ya kijivu inayozunguka kile kijimfereji cha maji ya ubongo. Kwa panya 3 (sio wote, hilo watu hawalisemi) umeme ulikata maumivu mpaka akawapasua tumbo, na alipozima umeme wakaanza kuumia tena kama kawaida.

Sasa hiyo hoja yako ya kupooza ni nzuri sana na hata watafiti wenyewe waliiwaza. Panya walikuwa bado wanaweza kujisogeza. Halafu 1971 watafiti wengine, Mayer na Liebeskind na wenzao, wakarudia wakakuta mara nyingi ganzi inashika nusu ya mwili au robo tu, yaani ukimbana hapa katulia tuli, ukimbana upande wa pili anaruka, sasa aliyepooza angeruka vipi? Tena ganzi iliendelea hadi dakika 5 baada ya umeme kuzimwa.

Kinachotokea ni kwamba ile sehemu ya ubongo inatuma amri chini kwenye uti wa mgongo, taarifa ya maumivu inazuiwa hukohuko kabla haijapanda juu. Mwili una mofini (dawa kali ya kutuliza maumivu) yake ya kienyeji, ndo maana 1976 walipowachoma panya naloksoni, ile dawa ya kukata nguvu ya mofini, ganzi ya umeme nayo ikapungua. Ikapungua tu, haikuisha, kwa hiyo kuna njia nyingine pia mle ndani.

Kuhusu ndama, hebu fikiria, ili uuweke huo waya inabidi kwanza utoboe fuvu, na hapo utahitaji nusu kaputi hiyohiyo unayoikwepa! Na ukikosea kidogo tu sehemu ya kuuweka, mnyama badala ya kutulia anashikwa na hofu anataka kukimbia. We mwite daktari wa mifugo amchome lignokeini, dawa ya ganzi, kwenye neva ya pembe, asubiri ishike, ndo mkate.