Inzi weupe kwenye pilipili: hiyo chupa irudishe dukani, geuza jani kwanza

Weee dadangu, hiyo chupa usiifungue! Unasema umeambiwa dukani upige hiyo dawa kali kila siku ya tatu mpaka inzi weupe waishe kwenye pilipili zako. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo na muuza dawa mmoja hapa Malindi, tena kwa kujiamini kabisa, wala hakuniuliza wadudu wenyewe wanakaa wapi. Nikapiga. Jioni yake natikisa mche hakuruki kitu, nikafurahi. Haukupita muda, nagusa tawi linainuka wingu jeupe kushinda la mwanzo, narudi dukani nauziwa kali zaidi, na mambo yakawa yale yale mpaka majani yakanata utomvu, ukungu mweusi ukatanda juu yake, maua yakapukutika. Pesa imekwenda, pilipili zimekwenda, na yeye anauza mpaka leo.

Kinachoniuma ni kwamba mtu wa dawa ndiye aliyetakiwa kujua. Wanaoruka ni wakubwa tu! Hebu geuza jani saa hii, uangalie karibu na mishipa: utaona vidoa bapa, vya kimaziwa hivi, vimeganda havitembei. Hao ndio watoto, wanafyonza usiku na mchana, na mayai yako hapo hapo. Ukipiga juu ya jani unaosha vumbi. Tena hawa wa aina ya Bemisia tabaci, wanaosumbua sana sehemu za joto, wengi wao hizo sumu za kiwandani za kuua wadudu, za jamii ya pairethroidi, wameshazizoea. Wanaokufa ni buibui, na vile vinyigu vidogo sana vinavyotaga mayai kwenye watoto wa inzi. Umeua askari, umemwachia mwizi nyumba.

Mimi nataka jani ligeuzwe. Sabuni ya maji ya kawaida, kijiko cha chai kimoja au viwili kwa lita moja, ya unga usithubutu inaunguza. Jaribu jani moja kwanza usubiri mpaka kesho. Na maji ya kisima, huku kwetu yana chumvi, sabuni inagandana haitoi povu, tafuta ya mvua au ya mfereji. Inamisha bomba la kupulizia, mdomo uangalie juu, lowesha CHINI ya jani mpaka lichuruzike, kwa sababu sabuni isipomgusa mdudu haimfanyi kitu. Piga jioni jua likishapoa, hasa wakati wa kaskazi. Halafu rudia kila baada ya siku tano sita kwa wiki tatu au nne, maana mayai sabuni haiyawezi na kwenye joto kama letu yai linakuwa inzi kwa wiki tatu hivi. Watu wanaacha wakiona wamepungua, ndiyo wanarudi.

Mafuta ya mwarobaini pia yanasaidia, changanya na sabuni kidogo, lakini chini ya jani vile vile.

Na mche uliodumaa kabisa, majani machanga yamejikunja, yana njano, huenda ni virusi na hakuna dawa ya kuuponya. Ufunike kwa mfuko kwanza wasiruke, ndipo uung'oe, maana hao inzi ndio wanaoubeba ugonjwa wakaupeleka kwenye miche mizima.