Kabati la Vigari: "Natafuta 504 ya marehemu baba"

SWALI: Mzee wa Kabati, shikamoo. Marehemu baba yangu aliendesha Peugeot 504 stesheni wagoni, akibeba abiria kati ya Mwanza na Musoma. Sisi watoto tulikuwa tunaisubiri barabarani hapa Bunda ili atupigie honi. Mdogo wangu anasoma Ufaransa na yuko tayari kuninunulia kigari cha mfano wa gari lile, ila amekuta 504 za kila aina na kuchagua kumemshinda. Nimwambie atafute ipi? Na nikishaipata niiweke vipi isiharibike?
— Binti wa Dereva, Bunda

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta ya spea hapa Mwanza sehemu kubwa ya maisha yangu, na madereva wa njia hiyo ya Musoma nawafahamu. Waliingia dukani na vumbi hadi kwenye kope, wakiulizia bushi na springi za nyuma, huku abiria wanawasubiri nje. Mtu aliyelisha familia kwa usukani wa 504 anastahili kukumbukwa kwa gari lake hasa, siyo kwa ndugu yake.

Kwa hiyo mdogo wako asinunue 504 yoyote kwa sababu tu imeandikwa 504. Saluni ilianza kuuzwa 1968. Stesheni wagoni ikafuata 1970, na mbali ya hizo kuna pikapu, kupe (coupé, ya milango miwili) na ile ya kufungua paa. Stesheni wagoni yenyewe Wafaransa waliitoa kwa namna mbili: Break, yenye safu mbili za viti, na Familiale, yenye safu tatu za kukaa watu saba. Gari la abiria la baba yako bila shaka lilikuwa Familiale. Akiwa dukani achungulie kioo cha nyuma ahesabu viti. Akiona sakafu tupu nyuma ya safu ya pili, hiyo ni Break. Mimi ningeiacha hata kama ni ya bei rahisi.

Atazame pia umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma. Kwenye saluni ni mita 2.74, kwenye stesheni wagoni ni 2.90, na mtengenezaji makini huonyesha tofauti hiyo hata kwenye kigari. Chini ya gari halisi kulikuwa na ekseli nzima yenye springi nne za koili, mbili kila upande, na ndizo zilizolifanya libebe watu na magunia bila kuburuza makalio. Hizo springi nimeziuza sana.

Skeli? Chukua 1:43, yaani kigari ni sehemu moja ya 43 ya gari halisi. Ndiyo skeli ya Wafaransa toka zamani. Ilitokana na treni za kuchezea, ili magari yalingane na reli. 504 stesheni wagoni yenye urefu wa mita 4.80 inakuwa sentimita 11 na ushee, inakaa vizuri juu ya kabati la vyombo. Kwa 1:18 inakaribia sentimita 27: ina milango ya kufungua na inapendeza, lakini inataka meza yake yenyewe. Jina la kuanzia ni Norev, kampuni iliyozaliwa 1946 upande wa Lyon, ambayo imetengeneza Peugeot nyingi kuliko wengi ninaowajua na kwa uaminifu mkubwa wa umbo. Taa za mbele za 504 zina pembe kama trapeza, na usipozipatia hizo uso wote unakuwa wa gari jingine. Norev huzipatia.

Jambo moja nikutayarishe mapema. Kigari kitakuja na usukani kushoto, kama magari ya Ufaransa, na baba yako alikaa kulia. Wapo wanaofungua bodi na kuhamisha usukani na dashibodi. Kazi hiyo inavunja pini ndogo ndogo ambazo hazirudi tena. Ushauri wangu: acha usukani ulipo, badilisha namba. Kibao cha sentimita 52 kwa skeli hii ni milimita 12. Chapa namba ya gari la baba kwenye karatasi nyembamba, kata kwa wembe, bandika juu ya ile ya Kifaransa kwa tone la gundi nyeupe ya shuleni, ambayo huloweka na kutoka bila kuacha alama. Ukiiona namba ile pale mbele, suala la usukani halitakusumbua.

Na kama mdogo wako atakutana na 404 njiani, usimkatalie. 404 ilitoka 1960, imechorwa na Pininfarina wa Italia, na ndiyo iliyoijengea Peugeot heshima kwenye barabara zetu kabla ya 504. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell pembeni. Mwaka 1963 na 1968, Nick Nowicki alishinda mashindano ambayo magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, mengine yote yakiwa yamebaki kwenye matope na makorongo. Ninapoipanga 404 nyeupe kabatini kwangu naipanga mbele, kwa sababu ni gari la Ufaransa lililopatia jina lake huku kwetu, na mkusanyaji wa Afrika Mashariki asiyeijua habari hiyo anakosa nusu ya utamu. 504 nayo ilishinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na kupe yake ya injini ya V6 ikashinda 1978 na Jean-Pierre Nicolas.

Sasa utunzaji. Bunda na Mwanza tunashirikiana hewa ya ziwa, na jua la jioni linaloingia ndani likitokea majini. Hilo jua ndilo adui wa kwanza: hupausha rangi na kugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano. Weka kigari kwenye kabati la kioo, ukuta usiotazamana na dirisha. Unyevu utauzuia kwa vile vipakiti vya chembe za kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vibadilishe masika. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya poda, kavu, bila mafuta wala polishi ya gari. Ukikiacha kwenye kitako chake cha plastiki, weka kipande cha karatasi chini ya matairi, maana mpira laini ukigusa plastiki miaka na miaka huila hadi ikaacha shimo. Na boksi usilitupe.

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Nimenunua Mlango Mmoja, katikati ya marobota ya mitumba, kigari kizito chenye maandishi ya Dinky Toys na Citroën DS 19 chini. Rangi imebanduka na chini kuna kutu. Jamaa yangu ana gereji Igoma, anasema ataipuliza iwe kama mpya. Nikubali?
— Kijana wa Igoma

JIBU: Marahaba. Usikubali! Mshukuru jamaa yako, mwambie akupulizie baiskeli.

Dinky ni vigari vya kuchezea vya chuma; zile za Kifaransa zilitengenezwa Bobigny, jirani na Paris, na rangi iliyobanduka ambayo ni ya kiwandani ina thamani kuliko rangi safi ya gereji. Hata ukiondoa mambo ya pesa, mikwaruzo ile ni ya mtoto fulani aliyeisukuma sakafuni, nayo ni sehemu ya kigari.

Hiyo kutu isikutishe. Bodi ni ya Zamak, mchanganyiko wa zinki na alumini, nayo haitoi kutu nyekundu. Kinachopata kutu ni bamba la chini na vyuma vya magurudumu. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Unachotakiwa kukagua kwa makini ni nyufa ndogo ndogo kwenye bodi yenyewe, kama utando wa buibui, au boneti iliyovimba. Huo ni ugonjwa wa zinki iliyochanganyika na madini ya risasi kiwandani. Chuma humeguka toka ndani, unyevu huuharakisha, na dawa hauna. Unawapata zaidi vigari vya kabla ya Vita Kuu ya Pili. DS halisi ilionyeshwa Paris Oktoba 1955, kwa hiyo chako kimepona umri huo wa hatari, lakini kikague.

Halafu kitazame vizuri ulichookota. Magurudumu ya nyuma yaliyofunikwa na bodi, taa za kukatia kona kwenye pembe za paa, taa za mbele zilizo wazi bila kioo cha kuzifunika. Hizo za ndani ya kioo zilikuja 1967. Gari halisi lilipanda na kushuka lenyewe kwa mafuta na gesi badala ya springi. Mwaka 1962 Rais de Gaulle wa Ufaransa alimiminiwa risasi akiwa ndani yake huko Petit-Clamart, matairi yakapasuka, na gari likaendelea kukimbia hadi akaokoka.

SWALI: Padri mmoja Mfaransa aliniachia Norev ya zamani ya plastiki, Citroën 2CV. Paa limepinda. Naweza kulinyoosha kwa maji ya moto?
— Mwalimu Mstaafu, Nansio

JIBU: Hapana, Mwalimu. Norev ilianza magari yake 1953 kwa plastiki ya asetati ya selulosi, na bodi za chuma zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Plastiki ile hujipinda yenyewe kadiri inavyozeeka. Maji ya moto yatamalizia kazi. Iondoe chini ya bati na mbali na jiko, iache ipate hewa badala ya kuifungia kwenye mfuko, na usiweke kitu juu yake.

Barua za Renault 4 nimezipokea, za Sengerema na za Bukoba. Nitazijibu toleo lijalo.