Kabla hujamlisha mgeni wako pilipili

Vijana wengi wanaotaka kuanzisha kipindi cha mahojiano "kama kile cha Hot Ones" huniuliza swali moja: pilipili kali kabisa naipata wapi? Ndugu yangu, ukianzia hapo umeshapotea njia. Mimi nilianzia hapohapo.

Kipindi chenyewe, kilichoanza YouTube huko Marekani mwaka 2015, ni rahisi kukieleza. Mtangazaji wake, Sean Evans, anakaa mezani na mgeni, kila mmoja ana vipapatio kumi vya kuku, na kila kipapatio kina sosi kali kuliko kilichotangulia. Maswali yanaenda sambamba na kula. Mwishoni mwa 2024, BuzzFeed, kampuni ya habari na burudani za mtandaoni, waliiuza kampuni inayokitengeneza kwa dola milioni 82.5, na Evans alikuwa mmoja wa wanunuzi. Fedha hiyo haikulipwa kwa ajili ya kuku.

Kitazame tena huku umegeuza kisogo, usikilize maswali tu. Utasikia mgeni anakatisha jibu na kuuliza, hilo mmelitoa wapi? Hapo ndipo kazi ilipo. Mtu maarufu ana majibu aliyoyakariri, ameshayatoa redio zote. Pilipili inamchanganya kidogo, ila kama swali lako ni "muziki ulianza lini?", hata akilia machozi atakujibu yaleyale.

Sasa mimi. Nilimwalika msanii mmoja wa mtaani, nikasaga pilipili mbuzi mbichi, nikampa ya kwanza ikiwa ndiyo kali kuliko zote. Nilidhani nitawahi kupata kichekesho. Dakika ya tatu kwikwi ilimshika, kamasi zinashuka, mkono mmoja umekumbatia chupa ya maji. Maji yenyewe yalimzidishia balaa, maana kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki majini. Maziwa ndiyo yanayokibandua ulimini. Wakati wa kuhariri nilibaki na mtu anayepumua kwa mdomo na karatasi yangu ya maswali kumi na mbili, nimeuliza mawili.

Kwa hiyo panda taratibu. Wenzetu wa Hot Ones sosi yao ya kwanza ni ya kawaida tu, na inayowaangusha wengi ni ya nane, Da Bomb, ingawa ya mwisho inaizidi mbali kwa Scoville, kipimo cha ukali wa pilipili. Maswali marefu yanayohitaji kumbukumbu yaweke mwanzoni, wakati mdomo bado unamtii mwenyewe. Huko mwisho uliza mafupi, kisha nyamaza. Usimwokoe na ukimya, atausema mwenyewe ukweli.

Nawe ule kilekile anachokula. Mwenyeji anayekula wali huku mgeni anaungua ni mchokozi tu, na watazamaji wataliona hilo.

Muulize kabla ya siku ya kurekodi kama ana vidonda vya tumbo au pumu. Akisema basi, ni basi: DJ Khaled, mwanamuziki wa Marekani, aliishia kipapatio cha tatu kwenye Hot Ones, na kipindi chake kinatazamwa hadi leo.

Halafu mikono. Evans huwaonya wageni wasijiguse macho. Mimi naongeza lingine, ambalo hakuna aliyenionya. Nawa kwa sabuni kabla ya kwenda chooni. Kabla, siyo baada.