Vialama juu ya herufi: majibu kwa wasomaji

Jina la Ngũgĩ huandikwa na vialama juu ya u na i. Ni mapambo tu? (Msomaji, Morogoro)

Si mapambo hata kidogo. Kikuyu kina irabu saba, ilhali alfabeti ya Kilatini ina herufi tano za irabu. Mbili zilizobaki zikapewa ĩ na ũ. Ĩ husikika katikati ya i na e. Ũ katikati ya u na o. Ndiyo maana Mkikuyu akitaja Kĩrĩnyaga, sikio la Mswahili hupokea kitu kama "Kerenyaga", na Mũthoni huwa karibu na "Mothoni". Kikamba nacho hutumia alama hizohizo. Ukiandika "Ngugi", umebadilisha irabu zote mbili za jina la mtu. Najua magazeti mengi huziacha na wenye majina wamezoea, lakini kwangu jina la mtu lina haki ya kuandikwa kama mwenyewe anavyolitamka.

Kwenye José, je, niivute ile e? (Msomaji, Mombasa)

Usiivute, iwekee mkazo. Katika Kihispania, neno linaloishia kwa irabu, n au s hupata mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho. Neno linapokiuka utaratibu huo ndipo alama huwekwa: José, Perú na Bogotá hukazwa mwisho, México mwanzo. Papa ni kiazi, papá ni baba. Watangazaji wetu wa mpira wangeishika kanuni hii, wachezaji wengi wa Amerika Kusini wangeitwa majina yao sawasawa.

Kifaransa je, nacho ni mkazo? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Pale é na è ni sauti mbili: é ya René hutamkwa mdomo ukiwa umebanwa kidogo, è ya mère mdomo ukifunguka zaidi. Ç husomwa s hata mbele ya a, o na u, kama katika garçon. Ila ou ("au") na où ("wapi") hutamkwa sawa. Hapo alama inamsaidia msomaji, si msemaji.

Kiyoruba, lugha ya Nigeria, kimezipa alama kazi nyingine tena: ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni chombo cha usafiri. Alama ya juu inaonyesha sauti ipande au ishuke.

Mbona Kiswahili hakina? (Msomaji, Tanga)

Mkazo wetu unatabirika. Barabara ya magari hukazwa "ba" ya pili. Barabara ya "sawasawa" hukazwa "ra" ya kwanza, na muktadha hutosha kuzitenganisha. Wasomi wa lahaja za pwani huandika p'aa kwa mnyama, wasichanganye na paa la nyumba. Sisi wengine tusiache tu kile kialama cha ng'ombe.

Nitaziandikaje kwenye simu? (Msomaji, Nakuru)

Shikilia herufi bila kuiachia. Kwenye simu nyingi aina zake zitajitokeza. Usipoiona ĩ, ingia kwenye mipangilio ya kibodi uongeze lugha ya Kikuyu kama ipo.