Mwanangu, lile swali lako la dini na sayansi

Mwanangu, meseji yako nimeipata, kumbe wenzako hosteli wanakwambia dini na sayansi ni maadui toka zamani, mtu achague moja, na mfano wao ni Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia. Kwa Galileo hawajakosea, mwaka 1633 Kanisa lilimhukumu kule Roma kwa kushikilia kwamba dunia inazunguka jua, akafungiwa nyumbani mpaka kufa 1642, lile halina utetezi. Ila waulize, Copernicus aliyeiandika hoja hiyo kwenye kitabu cha 1543 alikuwa nani? Mtu wa kanisa, wa kanisa kuu la Frombork, Poland.

Na kwetu Waislamu ndo usiseme. Karne ya 14 Damascus alikuwepo Ibn al-Shatir, muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya, yaani ndo mwenye kupanga nyakati za swala. Hebu iangalie hiyo kazi, alasiri inaingia pale kivuli cha kijiti kinapofika urefu wa kijiti chenyewe ukijumlisha na kile kivuli kilichokuwepo jua linapopinduka adhuhuri, na hicho cha adhuhuri hakitulii, leo kirefu miezi ijayo kifupi, sasa bila hesabu ya jua utaadhini saa ngapi? Mwaka 1371 akachonga saa ya jua ya marumaru ikawekwa mnarani. Tena hakuishia hapo, aliona hesabu ya mwezi ya Ptolemy, yule mtaalamu wa nyota wa Kigiriki wa zamani sana, haikai sawa, maana kwa hesabu ile kuna siku mwezi ungeonekana karibu mara mbili ya ukubwa wake, na nani kashawahi kuuona hivyo? Akaipanga upya, na mpango huo wa mwezi ndo unaoukuta kwa Copernicus zaidi ya miaka 150 baadaye, ulimfikiaje wataalamu wanabishana mpaka leo.

Sikufichi, na kwetu pia kumeharibiwa. Istanbul Taqi al-Din alijengewa jumba la kuangalia nyota likakamilika 1577, na 1580 sultani Murad wa Tatu akaamuru livunjwe, roho inaniuma kila nikikumbuka. Ugomvi ulikuwepo, sikatai, lakini hilo la kuchagua moja Ibn al-Shatir angelishangaa sana, yeye ni swala ndo iliyomtia kwenye hesabu!

Jioni nipigie, kuna habari ya al-Biruni, mwanachuoni mwingine wa Kiislamu wa zamani, alivyokadiria ukubwa wa dunia kwa kutumia mlima mmoja tu, ile siwezi kuiandika nataka nikuhadithie mwenyewe.

Mama yako