Kujumlisha size= si kupima laini

Wadogo zangu wa seva, naona mnaanguka shimo lile lile. Wiki hii nimeletewa grafu ya rangi, safi kabisa, iliyotoka kwenye mail.log, logi ya seva ya barua pepe, kwa mstari mmoja wa awk, zana ya kuchambua maandishi: kila penye size= (ukubwa wa barua kwa baiti), na out= za Dovecot, chokoa namba, jumlisha, gawa kwa sekunde, basi. Mwenye grafu anataka tuombe laini kubwa zaidi ya intaneti. Nimemwambia anywe chai kwanza. Haya ni kwa ajili yake na wenzake. Nazungumzia Postfix, inayotuma na kupokea barua pepe na kuzichuja kwa Amavis (chujio la virusi na barua taka), na Dovecot inayowapa watu masanduku yao ya barua, maana ndiyo mnayoirithi wengi.

1. qmgr, msimamizi wa foleni wa Postfix, huandika size= kila barua inapoingia kwenye foleni hai. KILA inapoingia. Hilo mimi nililijua baada ya kuaibika. Ofisi moja niliyofanyia kazi zamani ililalamika intaneti nzito, nikatumwa nitafute mla laini. Nikajumlisha size= kwa kila mtumaji, na juu kabisa, akiwaacha wengine mbali, akatokea mama mmoja wa uhasibu. Nikapeleka orodha kikaoni ikiwa na jina lake. Bosi akamgeukia mbele ya watu: anatuma nini, sinema? Mama wa watu akaapa kwamba ametuma faili moja tu. Mimi nikatabasamu kwa dharau, kwa sababu logi haidanganyi.

Kikao kilipoisha, fundi wa mtandao akaniuliza kwa upole: mbona seva yako imetuma data nyingi kuliko ilizopitisha intafesi, mlango wake wa mtandao? Nikakosa jibu. Nikarudi kwenye logi, safari hii nikaisoma. Ilikuwa barua moja kweli, yenye kiambatisho, kama megabaiti 8, kwenda kwa mteja ambaye seva yake haikuitika hata kwa muunganisho. Postfix isipobadilishwa hung'ang'ania kwa siku 5, ikirefusha mapumziko hadi sekunde 4000. Hayo ni majaribio zaidi ya 100, na kila jaribio qmgr anaandika size= upya. Nilikuwa nimemhesabia karibu gigabaiti nzima ya barua ambayo haikutoka mlangoni. Tena delay_warning_time, muda wa kumwonya mtumaji, kwa kawaida ni sifuri, yaani haionyi, kwa hiyo mtumaji mwenyewe hakuwa ameambiwa kuwa faili lake limekwama. Nilikwenda kumwomba radhi. Akaniuliza kama nitarudi kusema hivyo kikaoni. Nilirudi, na sitaki kuisimulia siku ile.

Kwa hiyo anzeni na mistari ya status=sent (barua iliyofika), kisha rudini kwa qmgr kuchukua size= kwa namba ile ile ya foleni, mara moja tu kwa kila safari (safari ni nini, ona namba 3).

2. Amavis. Barua inaingia, inapelekwa 127.0.0.1 (seva ile ile yenyewe) bandari 10024, inarudishwa kupitia 10025 na kupewa namba mpya ya foleni. Barua moja, size= mbili, na safari ya katikati haikugusa laini. relay= ni seva iliyokabidhiwa barua; toeni kila relay=127.0.0.1. Grafu ya kijana wetu imenona hapa.

3. nrcpt=40, yaani wapokeaji 40, haina maana ya kuzidisha kwa 40. Wapokeaji wa kikoa kimoja hubebwa pamoja, hadi 50 kwa safari. Mistari yenye relay moja na jibu lile lile la seva ya mbali ni safari moja.

4. Ya haraka haraka. Baiti zidisha kwa 8 kabla ya kulinganisha na mkataba wa laini, maana mkataba huhesabu biti. Usiongeze theluthi kwa ajili ya base64 (usimbaji wa viambatisho unaovinenepesha), size= tayari imeihesabu. Logi za zamani zilizozungushwa na kubanwa (.gz) zisomeni kwa zcat. Namba fupi za foleni hutumika tena, washeni enable_long_queue_ids leo hii.

5. Dovecot, ambayo wengi huisahau na ndiyo mara nyingi inayokula, simu na kompyuta za watu zikivuta masanduku mazima. Ina in= na out= zake, baiti zilizoingia na zilizotoka, ila huziandika mtu anapokatika tu. Anayeunganika asubuhi akazima kompyuta saa kumi na moja jioni, baiti zake zote za siku zinatua kwenye sekunde ile moja. Sasa tazameni ile grafu: kilele kirefu saa kumi na moja, na maelezo chini yake kwamba wafanyakazi wanapakua vitu kabla ya kwenda nyumbani! Wanafunga kompyuta, kijana wangu. Saa za kilele zitafute kwenye kaunta za intafesi, zana ya vnstat ipo. Logi ikusaidie kujua ni nani.

Jumatatu niletee jumla mpya, 127.0.0.1 ikiwa imetoka, na namba ya intafesi ya siku hiyo hiyo pembeni. Majina ya watu usiweke bado.